Mafuta ya Ukweni

Ukiwa na mtoto mmoja, unalala jicho moja likiwa wazi, na kwa hilo hakuna wa kukulaumu. Lawama inakuja jicho lile linapoanza kutembea, likavuka kizingiti, likaingia mpaka kwenye kazi ya mtoto mwenyewe. Mama Fundi alikuwa na jicho la namna hiyo. Mambo yake yanaandikwa hapa kwa ajili ya mama yeyote ambaye kijana wake ana mashine, au duka, au hata cherehani tu, na ambaye moyo unamnong'oneza kila asubuhi: ngoja nimsaidie kidogo, wala hatajua. Usimsaidie. Soma kwanza.

Mama Fundi alikuwa mtu wa hofu tangu usichana wake. Akisikia king'ora barabarani anahesabu watu wake, ingawa mtu wake ni mmoja. Mvua ikinyesha anaogopa mafuriko, isiponyesha anaogopa njaa, ikinyesha kiasi anaogopa kwamba kuna jambo linaandaliwa. Mume wake alipofariki aliacha vitu viwili vya maana, kijana na mashine, na mama akavigawia hofu sawasawa.

Kijana watu wote walimwita Fundi. Mashine ilikuwa ya kukereza vyuma, ndefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa miguuni, rangi yake ya kijani imelika pale ambapo mikono ya baba na kisha ya mwana ilizoea kushika. Unaifungia kipande cha chuma, inakizungusha, kisu kinakipara, na nyuzi za chuma zinadondoka chini zimejikunja kama nywele za mtoto. Shafti za vinu vya kusaga, puli za visima, ekseli za mikokoteni, vyote vilizaliwa pale. Mashine ilikuwa na umri kumzidi Fundi, ikinguruma kwa kukohoa kidogo, kwa hiyo wote waliiita Bikizee. Kila mtu alimzungumzia kama mtu. "Bikizee leo kaamka vizuri." "Msimwekee kikombe juu ya kichwa, hapendi." Mgeni angedhani kuna mgonjwa ndani.

Karakana ilikuwa ya bati juu na matofali chini, mlango mmoja wenye kufuli, funguo mbili. Moja ya Fundi. Nyingine ya mama, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua alfajiri, akafagia zile nyuzi za chuma, akabandika chai, ili kijana na msaidizi wake wakute kumependeza. Msaidizi huyo alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, mwembamba, kichwa kikubwa kimefunguka masikio pande zote mbili. Jina lake la kazini lilikuwa Spana, na ukimwona tu unaelewa.

Sasa, Bikizee alianza kuchemka kichwa. Kichwa cha mashine kama ile ndimo zilimo gia, zinaogelea kwenye mafuta, na mafuta yakichoka gia zinasagana na beringi zinapata joto. Fundi akiweka kiganja pale anakiondoa haraka. Akaamua abadilishe mafuta, si kumwaga na kurudisha yale yale ya miaka yote, bali kuhamia aina nyingine kabisa.

Na aina hiyo ilitoka ukweni.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Mzee Mapipa. Aliuza oili, grisi, na kila kitu kinachoteleza. Tumbo lake lenyewe lilikuwa pipa, na alitembea kwa kubingirika. Binti yake ndiye aliyemsaidia dukani, msichana wa maneno machache na macho yanayopima, na binti huyo na Fundi walikuwa wamekwisha kuelewana, posa imepokelewa, harusi inasubiri tu mwisho wa mavuno ili ndugu wapate nafasi. Mama Fundi alimpenda binti. Ila baba yake binti, mama alimwogopa. Alimwogopa jinsi unavyomwogopa mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema.

Siku ya kubadilisha, Mzee Mapipa alikuja mwenyewe, dumu begani.

"Haya, mkwe wangu," alimwambia Fundi, "yale mliyonayo yanatoka ardhini. Haya yamepikwa kiwandani, ni ukoo mwingine. Hayachemki upesi, hayachoki upesi. Ila sharti lake moja. Hayachanganywi na yale ya zamani. Hata kikombe. Yakikutana yanagandana, yanakuwa uji, yanatoa povu, na mashine umeiua."

"Nimeelewa, baba. Tunamwaga yote, tunaisuuza, tunaifuta, ndiyo tunajaza."

"Isuuze mara mbili. Mafuta ya zamani yanang'ang'ania kama mpangaji. Unamtoa, unamkuta tena jikoni."

Fundi akageuka mlangoni, ambako mama yake alisimama na ufagio. "Mama, umesikia? Yale ya zamani bado kuna dumu zima stoo. Yasiguse humu tena."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi nina masikio, ingawa si kama ya Spana."

Spana akacheka na kazi ikaanza. Ilifanywa vizuri, hilo lazima lisemwe. Walifungua kizibo cha chini, mafuta ya zamani yakatoka mazito, meusi, polepole kama mtu asiyetaka kuhama. Walisuuza, wakasuuza tena, Fundi akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kitambaa safi. Kisha wakamimina yale mapya mpaka kwenye mstari mwekundu wa kile kijidirisha cha kioo kilicho ubavuni mwa mashine, kinachoonyesha kiasi kilichomo. Bikizee akawashwa, akanguruma, na mara hii hakukohoa.

Mtu mwingine angefurahi. Mama Fundi aliingiwa na wasiwasi.

Kwanza aliyaangalia yale mafuta mapya. Yalikuwa mepesi, meupe, ungeweza kusomea gazeti ng'ambo yake. Akajisemea, kizee aliyelelewa kwa vizito maisha yake yote, leo anapewa maji ya kunawia? Pili, ule ukimya. Mtu aliyekohoa miaka yote akinyamaza ghafla huwa hajapona. Tatu, na hili ndilo lililomkaa kifuani, lile sharti. Hakuna muuza nyanya aliyewahi kumwambia nunua na za jirani uchanganye. Kila muuzaji anasema ya mwenzake yatakudhuru. Leo mafuta, kesho mkwe atachagua rangi ya mlango, keshokutwa kijana anahamia ng'ambo ya barabara na mto wake kwapani.

Akaomba lile dumu la zamani. "Nikapake bawaba za nyumbani." Fundi alimpa bila kufikiri, kwa sababu nani anamkatalia mama yake bawaba?

Alfajiri iliyofuata Mama Fundi alifungua karakana akiwa na kikombe cha bati chini ya kanga. Alifagia kwanza, maana kazi ni kazi. Kisha akafungua kizibo cha juu kichwani mwa Bikizee, akamimina.

"Kunywa, bibi," alinong'ona. "Hawa vijana hawajui. Nitakuachisha taratibu, leo kikombe, kesho kikombe, mpaka uyazoee hayo maji yao."

Siku nzima Bikizee alifanya kazi bila neno. Mama akapata ushahidi wake: kumbe hawadhuriani. Hapo ndipo wengi tunapopotelea, wenzangu. Kosa likikawia kujibu tunadhani limekubali.

Wa kwanza kuona alikuwa Spana. Aliinama kwenye kioo, akafuta, akainama tena.

"Fundi, hii kitu imepanda."

"Nini imepanda?"

"Oili. Jana ilikuwa mstarini. Leo imepita mstari."

"Labda ulijaza vibaya."

"Tulijaza wote."

Wakaacha. Baada ya siku chache ilikuwa imepita mstari kwa upana wa vidole, na Spana, mtu ambaye mke wake alijifungua karibu kila mwaka, akatoa maoni yake kwa heshima. "Mimi sio daktari. Lakini mtu akila kidogo na akaongezeka, kwetu tunajua maana yake."

"Spana, mashine haibebi mimba."

"Sijasema imebeba. Nimesema imeongezeka."

Aliitwa Mzee Mapipa. Akaja akibingirika, akachuchumaa kwa shida, akatazama kioo. Huyu alikuwa mtu wa oili tangu ujana wake na alijua vizuri kwamba mafuta hupungua, huvuja, huungua, lakini hayajawahi kuzaa. Angesema hapo hapo, "Jamani, kuna mtu anatia kitu," na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini siku hiyo mwenye kinu cha mbao alikuwa amesimama pale akingojea shafti yake, na pembeni yake mwoka mikate aliyeleta puli, na wote wawili walikuwa wanamtazama mzee kwa macho ya watoto.

"Kwa hiyo mafuta yako hayapungui?" aliuliza mwenye kinu.

"Hayapungui," alisema Mzee Mapipa, na hilo lilikuwa karibu kweli.

"Naona yanaongezeka kabisa."

Mzee akasafisha koo. Akatazama kioo, akatazama wateja. "Mafuta mazuri," alisema, "yana tabia zake."

Kufikia mwisho wa juma kulikuwa na kibao dukani kwake, herufi nyekundu: MAFUTA YANAYOJIONGEZA. Binti yake alikisoma, akamtazama baba yake, akarudi kupanga makopo.

Watu walikuja, kwa kweli walikuja. Mwenye kinu alibeba dumu. Mwoka mikate alitaka ya mashine ya kukandia, akauliza kama na unga nao utaongezeka. Fundi cherehani alipimiwa kijiko. Kulikuwa na mzee mmoja wa baiskeli aliyetia tone moja kwenye mnyororo, akaegesha baiskeli kivulini, akakaa mbele yake mchana kutwa akingoja tone lizae. Jioni aliondoka ameridhika, anasema ameona dalili. Mwanamke mmoja aliomba ya kupaka nywele. Na kabla ya kununua wote walipitia karakana kumtazama Bikizee, wakiingia kwa hatua za polepole, wakinong'ona, wengine wakivua kofia. Fundi hakupata nafasi ya kufanya kazi. Lakini alijivuna, kijana wa watu. Alisema, "Mkwe wangu ana mkono," na jioni alivuka barabara akapewa chai na akarudi anapiga mluzi.

Na Mama Fundi?

Mama Fundi alikuwa amekwama kama paka aliyetia kichwa kwenye mtungi. Mpango wake ulikuwa kuachisha taratibu na kumaliza. Sasa akiacha kumimina, mafuta yatasimama, watu watauliza mbona hayaongezeki, mkwe ataaibika hadharani na aibu ya mkwe itarudi kwa kijana. Kwa hiyo yeye, ambaye alianza kwa kutomwamini mzee yule, akaanza kumtunzia jina. Akaongeza vikombe. Alimimina kwa heshima ya ukweni. "Kunywa, bibi," alisema, "tusije tukaonekana wachoyo."

Ila aliona kitu kwenye kioo. Yale mafuta yaliyokuwa meupe yamebadilika, yamekuwa kama chai ya maziwa. Akajiambia ni mwanga wa alfajiri. Akafuta kioo kwa pindo la kanga. Ikabaki chai ya maziwa.

Siku ya maafa Fundi alikuwa anakereza shafti nene ya yule mwenye kinu, watazamaji wamejaa mlangoni. Bikizee alianza kukohoa. Si kile kikohozi cha zamani, ni kingine, cha ndani, kama mtu anayemeza akikataa. Kisha kizibo cha juu kikaruka. Povu likatoka, la rangi ya kahawia hafifu, taratibu kwanza, kama maziwa yanayofura jikoni wakati umemgeukia jirani, halafu kwa wingi. Likateremka shingoni mwa mashine, likafunika kisu, likamwagika sakafuni. Mwoka mikate alirudi nyuma akateleza, akakaa chini ndani yake. Watazamaji waliokuwa nyuma walipiga makofi, wakidhani ndiyo kuongezeka kwenyewe.

"Anatapika," alisema Spana.

Fundi alizima umeme. Alipofungua kifuniko cha kichwa alikuta gia hazionekani. Zimezama kwenye kitu kizito, kinachovutika nyuzi nyuzi kama uji uliolala, na kutoka chini yake kulikuja harufu ya chuma kilichoungua. Aliingiza kidole akakitoa, akakiangalia kile kitu kikining'inia. Kisha akakaa juu ya kreti. Mama yake alikuwa amesimama na birika la chai, na chai ilikuwa inamwagika mdogo mdogo juu ya kiatu chake bila yeye kuhisi.

"Labda ni hali ya hewa," alisema.

Fundi hakumsikia. Aliinuka, akavuka barabara na ule uji kiganjani, akauweka juu ya meza ya Mzee Mapipa mbele ya wateja.

"Baba, umenichanganyia."

"Nimekuchanganyia nini?"

"Umesema mwenyewe yakichanganywa yanakuwa uji. Huu hapa uji. Dumu lako halikuwa safi. Umeniuzia takataka na kibao juu."

Mzee Mapipa, ambaye alicheka kabla ya watu kumaliza kusema, safari hii hakucheka hata baada ya kumaliza. "Unaniita tapeli dukani kwangu. Wewe, ambaye nimekupa mtoto. Basi mtoto sijakupa. Posa yako nairudisha leo hii, ukaoe huyo bibi yako wa chuma."

Hapo binti aliacha makopo yake. "Baba, hurudishi kitu leo. Na wewe," alimwambia Fundi, "hurudii hilo neno. Tutakaa kesho, pande mbili, pale pale kwenye mashine. Ikijulikana nani kaharibu, hapo ndipo tutajua nani anarudisha nini."

Mama Fundi alipopata habari hizo alikwenda kumwambia mwanawe ukweli. Alifika mpaka mlangoni mwa chumba chake. Kijana alikuwa amelala kifudifudi na viatu. Mama akafungua mdomo, akasema, "Umekula?" Akarudi. Akaenda tena. Safari hii alisema, "Vua viatu." Ukweli ulifika kwenye meno kila mara na kugeuka kitu kingine.

Kesho yake viti viliwekwa kumzunguka Bikizee, naye katikati amefunikwa shuka kama mtu aliyekwisha kuoshwa. Upande mmoja Mzee Mapipa na binti yake. Upande wa pili Fundi, mama yake, na Spana, ambaye alikuwa amevaa shati la kanisani la mtu mnene zaidi yake. Mzee alikuja na chupa ya mafuta yake na kijiko cha chai.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema mtu huyo wa maneno. "Haya ni mafuta yangu, kutoka pipa lile lile." Akamimina kijiko, akanywa. Uso wake ukaenda kushoto, ukarudi. "Safi. Yamepungukiwa sukari tu. Sasa na upande wenu waonje kilichomo humo ndani ya mashine, tuone kama ni ndugu."

Spana akajitolea kabla hajaombwa. Akachovya kidole, akalamba, akafikiri. "Inafanana na sabuni iliyokaa na sarafu," alisema. "Nyuma yake kuna kitu nakijua. Sikumbuki kutoka wapi."

Mama Fundi alitazama sakafu.

"Basi kuna kitu kimeongezwa humu," alisema Mzee Mapipa. "Na si mimi niliyekiongeza. Mimi silali hapa."

"Humu hakuingia kitu," alisema Fundi. "Mlango una kufuli. Funguo ni mbili tu. Moja yangu, moja ya mama."

Kila mtu akapita juu ya neno hilo kama anavyopita juu ya ngazi aliyoizoea. Hakuna aliyemtazama mama. Hata mama mwenyewe alijipita.

"Utaapa?" aliuliza mzee.

"Naapa." Fundi alisimama, akaweka kiganja juu ya shuka la Bikizee. "Naapa kwa uhai wa mama yangu kwamba tangu siku tuliyojaza, hapajatiwa humu…"

"Usiape," alisema Mama Fundi.

"Mama, ngoja nimalize."

"Usiape kwa uhai wangu. Apa kwa uhai wa Spana."

"Mama, mimi nina watoto," alisema Spana.

"Apa kwa kiti, basi. Apa kwa hiki kiti changu, ni kizima, hakijawahi kuumwa."

"Mama, mtu haapi kwa kiti. Ni ukweli mtupu, kwa nini unaogopa? Naapa kwa uhai wa mama yangu hapajatiwa…"

"Nitakufa," alisema mama, akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mwanangu, ukimaliza hilo neno mimi nakufa hapa hapa, mbele ya wakwe, na sijafua."

Binti ndiye aliyemtazama kwanza. Macho yale yanayopima yalienda kwenye uso wa mama, yakashuka kwenye mikono, yakatua kwenye pindo la kanga, ambako palikuwa na doa la mafuta meusi, ya zamani, yale mazito.

"Mama," aliuliza kwa upole, "ulikuwa unampa?"

"Kidogo."

"Unampa nini?"

"Yale yake. Aliyoyazoea. Kikombe tu, alfajiri." Akalifunika lile doa kwa kiganja. "Mwanzoni kikombe."

"Bawaba," alisema Spana polepole. "Ile ladha. Ni ya bawaba."

Fundi hakutoa mkono wake juu ya shuka. Alikuwa kama aliyesahau kwamba ni wake. "Mama. Nilikwambia. Ulisimama pale na ufagio, nikakwambia."

"Ulinambia."

"Ningemkosa huyu. Nimemwita baba yake tapeli mbele ya watu. Kwa kikombe."

"Nilidhani ana njaa," alisema mama.

"Ni chuma, mama."

"Hata baba yako alisema ni chuma, na alikuwa anampangusa kwa shuka langu la harusi."

Mzee Mapipa alikuwa ameanza kuinuka, kifua mbele, tayari kuchukua ushindi wake. Kiti kilimsindikiza kidogo, kimembana, kisha kikaanguka.

"Baba, kaa," alisema binti. "Wewe ulijua mafuta hayazai."

Mzee akakaa, ingawa kiti hakikuwepo tena mahali pake, ikabidi Spana amsogezee. "Nilidhani…" alisema.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani labda."

Fundi akatoa mkono wake juu ya shuka. Alipiga goti mbele ya mzee, akamwomba radhi kwa neno lile la dukani, na mzee, kwa kuwa hakuwa na mahali pa juu pa kusimamia, akamshika bega na kusema yaishe, wote wamenywa mafuta. Kisha Fundi akamgeukia mama yake na hakupiga goti. Alinyoosha mkono tu. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wake wa karakana, akamwekea kiganjani. Hilo lilimuuma kuliko kama angepigwa kelele.

Kumsafisha Bikizee kulichukua muda mrefu kuliko hata mambo ya harusi. Ule uji haukukubali kutoka kwa kumwagwa. Ilibidi ukwanguliwe kwa vijiti vya mti, jino kwa jino, kisha gia zioshwe kwa mafuta ya taa. Mama Fundi alipewa ndoo na vijiti, akafanya sehemu kubwa peke yake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, bila kulalamika. Beringi mbili zilikuwa zimeungua na zikatupwa. Mzee Mapipa alishusha kibao chake mwenyewe, mchana kweupe, akawaeleza wateja mmoja mmoja kwamba mafuta yake ni mazuri lakini ni tasa. Wengi walielewa. Yule wa baiskeli alikataa kurudishiwa pesa zake, akisema kwake yanaendelea kuongezeka, na asiingizwe kwenye ugomvi wa watu.

Bikizee alijazwa upya, ya aina moja. Fundi alichomelea pete mbili za chuma kwenye kizibo cha juu, akapitisha kufuli dogo. Ufunguo wa kufuli hilo hakukaa nao. Alimpa yule binti, sasa mkewe, aliyekuwa amehamia upande huu wa barabara, na ambaye kila asubuhi ndiye aliyefungua karakana.

Ufagio ulibaki kwa mama. Huo hawakumnyang'anya. Asubuhi alikuja nyuma ya mkaza mwanawe, akafagia zile nyuzi za chuma, akabandika chai, halafu akakaa kwenye kreti, mikono amebana katikati ya magoti ili isiende mahali. Binti aliinama kwenye kioo, akafuta, akatazama.

"Umemwangalia?" aliuliza mama.

"Nimemwangalia, mama."

"Yamefika wapi?"

"Mstarini. Hayajapanda wala hayajashuka."

Mama akatafakari. Fundi aliwasha umeme, na mashine ikazunguka kimya, bila kukohoa, kimya kile kile kilichomtia wasiwasi siku ya kwanza.

"Mstarini si kushiba," alisema, lakini alisema chini chini, na hakunyanyuka.